Gari haichaji? Pima kwanza kabla hujanunua alternata, halafu ibadilishe hivi

Ukiona ile taa nyekundu yenye alama ya betri imewaka kwenye dashibodi huku gari inatembea, jua gari haichaji na kuanzia hapo unatembelea akiba ya betri tu. Betri peke yake sasa inabeba plagi za injini, pampu ya mafuta, kompyuta, taa, feni, kila kitu, na haitabeba kwa muda mrefu, usiku ndio kabisa. Zima eisii, redio na feni ya ndani, usizime injini mpaka ufike mahali salama maana ukishazima inaweza isiwake tena. Ila macho yawe kwenye mshale wa temperecha pia. Kwenye gari nyingi mkanda unaozungusha alternata (mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri) ndio huo huo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo kama taa ya betri imewaka na mshale unapanda, mkanda umekatika, simama hapo hapo na uzime, usilazimishe hata kilomita moja, utachemsha injini na hiyo hasara alternata tatu hazifiki.

Sasa, ninachotaka kusema kwenye huu mwongozo mzima ni hiki: pima kabla ya kununua. Watu wanabadilisha alternata kwa kubahatisha, fundi anasikiliza sekunde mbili anasema "alternata hiyo imekufa", inanunuliwa nyingine, inafungwa, baada ya wiki mbili tatizo limerudi. Kaka yangu alibadilisha alternata mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nilipoenda na maltimita (mita ya kupimia umeme) nikaweka ncha moja kwenye bodi ya alternata na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, injini inaunguruma na taa zimewashwa, nikasoma volti 1.4. Hapo palitakiwa kuwa na karibu sifuri. Waya wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ya gari ulikuwa umeoza chini ya boliti, juu unaonekana mzima kabisa, ukifungua ni unga wa kijani. Tulipiga msasa, tukakaza, gari ikachaji 14.2. Ile alternata yake ya kwanza ilikuwa nzima muda wote ule.

Unachohitaji kwa kupima ni maltimita ya kawaida tu, hata ile ya bei rahisi inatosha. Kwa kufungua: spana na soketi namba 10, 12, 14 (gari zingine 13, 15, 17), raccheti na mkono mrefu, bisibisi, msasa au brashi ya waya, na mafuta ya kulegezea kutu.

Kabla ya maltimita tumia macho na masikio

Fungua boneti injini ikiwa imezimwa. Angalia mkanda: una nyufa, umeng'aa kama kioo upande wa ndani, umelowa oili, umelegea? Mkanda uliolegea au kung'aa unateleza kwenye puli, alternata inazunguka pole pole, ndio ule mlio wa kwiiii asubuhi unapowasha au ukiwasha taa na eisii kwa pamoja. Kaza au badilisha mkanda kwanza halafu upime tena, wengi wanaishia hapa na kazi imekwisha.

Angalia vichwa vya betri. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, au unaweza kuzungusha kichwa cha waya kwa mkono, hiyo tayari ni hitilafu. Safisha, kaza.

Angalia kama kuna oili inadondokea alternata kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu au bomba la pawa stiringi. Hili watu wanalipuuza sana. Oili ikiingia ndani inalowesha kaboni (vile vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani) na kuua alternata, ukifunga mpya bila kuziba uvujaji umeitupa tu.

Masikio sasa. Washa injini, chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye bodi ya alternata (mbali na mkanda na puli, mikono ya shati ikunje, nywele ndefu zifunge) na mpini karibu na sikio. Mlio wa kusaga kama mchanga ni beringi. Mlio mwembamba wa kulia unaopanda ukipiga resi, hasa ukiusikia hata kwenye spika za redio, mara nyingi ni dayodi, vile vinavyogeuza umeme wa AC wa alternata kuwa DC wa betri.

Na ishara moja ambayo ni nzuri mno: asubuhi kabla hujawasha gari, gusa bodi ya alternata. Gari imelala usiku kucha, alternata inatakiwa iwe baridi kama vyuma vingine. Ukiikuta ina vuguvugu, dayodi imevuja, umeme wa betri unarudi ndani yake usiku mzima, na ndio maana kila asubuhi betri imelala hata ukinunua mpya.

Kupima

Weka maltimita kwenye volti za DC, skeli ya 20. Gari iwe imelala masaa kadhaa. Nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Ukisoma 12.6 au zaidi kidogo betri imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 hiyo imeisha. Betri iliyoisha ichaji kwanza kwa chaja ndio uendelee, maana betri mbovu inadanganya vipimo vyote vinavyofuata. Mtu mwingine apige stata huku wewe unaangalia: ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati ilikuwa imejaa, betri yenyewe imechoka au vichwa vyake vimelegea.

Washa injini iache sailensa, yaani bila kukanyaga moto. Hapa unatakiwa usome kati ya 13.8 na 14.5, gari zingine zinafika 14.7. Ukisoma ile ile 12 na kitu na inazidi kushuka taratibu, haichaji kabisa. Ukisoma 13 hivi, inachaji kwa kuchechemea. Ukisoma juu ya 15, reguleta (kifaa kinachodhibiti volti za alternata) imekufa kwa upande mwingine, inachaji kupita kiasi, na hii ni hatari zaidi kwa sababu inachemsha maji ya betri, inaunguza balbu na inaweza kuua kompyuta, usiendelee kutembea nayo.

Angalizo kwa gari za miaka ya karibuni: kwenye nyingi kompyuta ndiyo inaamua alternata ichaji kiasi gani, betri ikijaa inaweza kushusha mpaka 12.8 hivi na alternata ni nzima kabisa. Washa taa kubwa, feni namba ya juu na kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu, subiri kidogo, ikipanda juu ya 13.5 ni nzima.

Sasa ipe mzigo hata kama ni gari ya zamani. Washa vitu vyote hivyo, mtu akanyage moto mpaka resi 2000, volti ibaki juu ya 13.2. Alternata inayotoa 14.2 bila mzigo halafu inaanguka 12.7 ukiwasha taa imechoka, kawaida ni kaboni zimeisha au dayodi moja imekufa kwa hiyo inatoa sehemu tu ya nguvu yake.

Ya dayodi unaweza kuihakikisha. Injini inaunguruma, taa zimewashwa, geuza maltimita kwenye volti za AC, skeli ndogo, pima pale pale kwenye betri. Chini ya 0.5 ni sawa, juu ya hapo dayodi imepiga shoti au imekatika. Lakini maltimita nyingi za bei rahisi zinadanganya hapa, ukipima betri kwenye AC zinakuonyesha kama 27 au 28, ukigeuza waya zinaonyesha sifuri. Ukiona hivyo hilo ni tatizo la mita, sio gari, achana na kipimo hiki.

Halafu kile kipimo kilichomwokoa kaka yangu, ambacho mafundi wengi wanakiruka na mimi naona ndio muhimu kuliko vyote. Umeme unaweza kuzalishwa vizuri ukapotelea njiani. Injini inaunguruma, mizigo imewashwa, maltimita irudishe DC. Ncha nyekundu kwenye boliti nene ya nyuma ya alternata, ile yenye kofia ya raba ambapo waya mnene unafungwa, ncha nyeusi kwenye nguzo ya chanya ya betri, kwenye nguzo yenyewe ya risasi sio kwenye kichwa cha waya. Unapima tofauti kati ya sehemu mbili ambazo ni waya mmoja, kwa hiyo unataka namba ndogo, 0.2 au 0.3 mwisho. Kisha bodi ya alternata na nguzo ya hasi, hapo isizidi 0.2. Kuwa makini ncha ya mita isiguse bodi na ile boliti nene kwa wakati mmoja, utapiga shoti kubwa sana.

Ukipata volti nyingi upande wa chanya, waya mnene au temino yake imeoza, au fyuzi kubwa ya alternata imeungua. Fyuzi hii huwa ya ampea 80, 100, 120 hivi, iko kwenye boksi la fyuzi karibu na betri, mara nyingi imefungwa kwa boliti, na inaungua sana pale mtu alipogeuza betri au alipokosea nyaya wakati wa kushtua gari. Ukikuta imeungua tafuta kwanza kwa nini, usiweke waya wa shaba badala yake. Nasisitiza, usiweke, huo waya ndio unageuka kiberiti siku alternata ikipiga shoti.

Mwisho plagi ndogo ya nyuma ya alternata. Washa swichi bila kuwasha injini, taa ya betri kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, usifurahi, hiyo pia ni hitilafu: balbu imeungua, waya umekatika au kaboni zimeisha, na kwenye alternata nyingi za zamani umeme unaopitia hiyo taa ndio unaoiamsha, bila huo haianzi kuchaji. Chomoa plagi uangalie pini kama zina kutu au zimeungua, pima kama kuna volti ya betri kwenye waya unaotakiwa kuwa na moto swichi ikiwa imewashwa. Moto upo, nyaya safi, mkanda mzuri, na bado haichaji? Sasa ndio una haki ya kusema alternata imekufa.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri huku injini inaunguruma ili kuona kama itazima, acha. Betri ndio inayotuliza umeme wa alternata, ukiichomoa volti inaruka juu ghafla na inaweza kuua reguleta, dayodi na kompyuta kwa pamoja. Ilikuwa inafanyika kwenye magari ya zamani ya dinamo, sio haya.

Lazima ununue nzima?

Sio lazima. Kama beringi hazilii na hakuna harufu ya kuungua, mara nyingi kinachokufa ni kaboni au reguleta, na kwenye alternata nyingi hivi viwili vimekaa pamoja nyuma chini ya kifuniko kinachofungwa kwa nati tatu. Kaboni mpya zinatokeza nje kama sentimita moja, zikibaki milimita mbili tatu hazigusi vizuri tena, ndio unaona leo inachaji kesho haichaji, ukiigonga na mpini wa nyundo inachaji tena. Angalia na zile ringi za shaba ambazo kaboni zinasugua, kama zimechimbika mfereji mzito kaboni mpya hazitadumu. Waya za ndani zikiwa nyeusi zimeungua, nunua nzima.

Unaponunua nenda na ya zamani mkononi. Linganisha masikio ya kufungia na nafasi za boliti, idadi ya mifereji ya puli na ukubwa wake, plagi ina pini ngapi na umbo gani, na ampea zilizoandikwa kwenye kibati, zisiwe pungufu kuliko za zamani. Gari zingine puli ina klachi ndani, ukiizungusha upande mmoja inakamata, upande mwingine inaserereka, na lazima mpya iwe hivyo hivyo. Zungusha puli kwa mkono, itembee laini bila kukwaruza wala kucheza juu chini. Kama unanunua iliyotumika, omba ipimwe kwenye mashine mbele ya macho yako.

Kubadilisha

Injini iwe baridi, ufunguo mfukoni. Kama redio yako inadai namba ya siri itafute kwanza. Piga picha za simu kabla hujagusa kitu: jinsi mkanda unavyopita kwenye kila puli, waya zilivyokaa, kila pembe. Picha ya mkanda usiiruke, ukishautoa unaona kama kuna njia kumi za kuurudisha.

Fungua kichwa cha hasi cha betri, kifunge na kitambaa kisirudi kugusa. Hii sio ya hiari. Ile boliti nene ya alternata ina moto wa betri muda wote hata swichi ikiwa imezimwa, spana yako ikigusa pale na bodi kwa pamoja inayeyuka mkononi.

Legeza mkanda. Kuna aina mbili. Ya kwanza alternata yenyewe ndio inasogezwa: legeza boliti ya chini ambayo inazungukia, legeza ile ya kufunga juu, halafu zungusha boliti ndefu ya kurekebisha mpaka mkanda ulegee, utoe. Ya pili ina tenshena ya springi, puli inayokaza mkanda yenyewe: weka spana au mkono mrefu kwenye tenshena, zungusha upande wa kulegeza (una nguvu, shika vizuri, vidole visiwe katikati ya mkanda na puli), chomoa mkanda kwenye puli ya alternata, rudisha tenshena taratibu. Ukiwa hapo zungusha puli zingine zote kwa mkono, sikiliza, na tenshena ikicheza cheza au ikinguruma badilisha sasa hivi maana ndio itakukatia mkanda mpya.

Chomoa plagi ndogo kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Plastiki ikishapigwa na joto miaka mingi inakatika kama biskuti, kwa hiyo pole pole. Vua kofia ya raba, fungua nati ya waya mnene, kwa kawaida 10 au 12.

Toa boliti za kufungia, na shika alternata kabla ya kutoa ya mwisho, ni kilo tano mpaka saba na inaweza kukudondokea. Mara nyingi boliti zimetoka lakini yenyewe imeng'ang'ania, kwa sababu kwenye sikio la chini kuna bushi ya chuma inayobana. Mwaga mafuta ya kutu, itikise juu chini, tumia bisibisi kubwa kama mtaimbo, itaachia tu. Ile bushi irudishe nyuma kidogo kwa kuigonga kwenye alternata mpya, utajishukuru wakati wa kuingiza. Kama inatokea chini, inua gari uiweke juu ya stendi imara, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Kabla mpya haijaingia, piga msasa mahali inapokaa kwenye injini na kwenye temino ya waya mnene, chuma king'ae, maana bodi ya alternata ndio ethi yake. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza, nyuzi kadhaa, usianze kukaza moja mpaka zote zimeshika. Rudisha waya mnene na nati yake ikaze vizuri, ila usiivunje ile boliti, ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ikibaki imelegea itatoa cheche, itaunguza temino na hata waya. Kofia ya raba irudi mahali pake. Plagi isukume mpaka isikike kach.

Mkanda uurudishe kwa kufuata picha, hakikisha kila mfereji umekaa kwenye mfereji wake, mkanda uliopanda jino moja nje utajila wenyewe ndani ya siku chache. Kwa aina ya kukaza kwa mkono, bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa kidole gumba kwa nguvu, ishuke kama sentimita moja. Ukikaza sana unaua beringi za alternata mpya na za pampu ya maji, ukilegeza unasikia kwiiii. Kisha kaza boliti za kufunga.

Betri ichaji kwa chaja kabla ya kuirudisha kama ilikuwa imeisha. Alternata imetengenezwa kutunza betri iliyojaa, ukiipa betri iliyokufa inatoa nguvu zake zote mfululizo, inapata joto sana, na alternata mpya nyingi zinaharibikia hapo siku ya kwanza. Rudisha hasi mwisho.

Washa swichi, taa ya betri iwake. Piga stata, taa izime. Pima tena vyote: sailensa, mizigo yote na resi 2000, na zile volti za njiani upande wa chanya na wa hasi. Sailensa ikipanda shuka kidogo siku ya kwanza usishtuke, kwenye gari nyingi kompyuta ilipoteza kumbukumbu betri ilipotolewa, itajirudi ukitembea. Baada ya kilomita kama mia hivi kagua mkanda, mpya unalegea kidogo ukishakaa, na kaza tena kama ni ule wa mkono. Halafu asubuhi inayofuata, kabla hujawasha gari, weka maltimita kwenye betri na gusa bodi ya alternata: unatafuta 12.5 na zaidi, na chuma cha baridi.